Miezi minne ya kutunza ngozi ya kichwa: kumbukumbu ya mradi wangu

Kwa miaka mingi nilizihangaikia nywele na kuisahau ngozi inayoziotesha. Nilianza mradi huu siku nilipofumua misuko na kukuta mba imeganda kwenye mashina, huku nywele za pembeni mwa paji la uso zikiwa zimepungua waziwazi.

Wiki ya 1 na ya 2. Kosa la kwanza lilikuwa mafuta. Kila ngozi ilipowasha niliipaka mafuta mazito, nikidhani mba ni ukavu, kumbe huchangiwa na fangasi wa jamii ya Malassezia, ambao huishi kwenye ngozi za watu wengi na hula mafuta yake. Niliacha kupaka ngozi, nikabaki kupaka ncha tu, kwa kuwa katika nywele za kipilipili mafuta ya asili hayashuki kwa urahisi hadi mwisho wa unywele, na ncha ndizo hukauka na kukatika mapema.

Wiki ya 3 hadi ya 6. Nilitumia shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki. Mwanzoni niliisuuza mara tu povu lilipotoka, nikashangaa kwamba haisaidii. Baadaye niligawa nywele mafungu manne, nikaipaka kwenye ngozi yenyewe, nikasugua kwa ncha za vidole bila kutumia kucha, kisha nikasubiri dakika 5. Mwishoni mwa wiki ya 5 nilitenganisha fungu la nyuma ya sikio kwa mkia wa kitana, nikaona ngozi safi ya rangi moja, bila yale magamba ya manjano. Nilifurahi mno.

Mwezi wa 3. Nywele zilizobaki mkononi wakati wa kuosha zilinitia hofu. Ni kawaida kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na asiyechana kwa siku kadhaa huziona zote kwa pamoja; hata hivyo nilitaka kujua zilitoka wapi, nikazitandaza juu ya taulo jeupe na kuzikagua moja moja. Unywele uliomaliza muda wake huwa na kivimbe kidogo cheupe upande wa mzizi, ilhali uliokatika hauna. Nyingi zangu zilikuwa fupi na hazina kivimbe. Tatizo, basi, lilikuwa uchanaji, na tangu hapo nachana nywele zikiwa na kondishena, kwa chanuo lenye meno mapana, nikianzia kwenye ncha na kupanda taratibu.

Mwezi wa 4. Hili la misuko ndilo linaloniuma zaidi. Nilizoea kuvumilia maumivu na vipele vidogo baada ya kusukwa, nikiamini kwamba msuko unaobana ndio unaodumu. Nywele zinazovutwa hivyo kwa muda mrefu hung'oka, na mashimo yake yakishapata makovu haziwezi kuota tena. Mvuto ukiondolewa mapema, hurudi. Nimemwomba msusi alegeze mkono na aache nje nywele za mbele, na akianza kubana namwambia palepale.

Leo, juu ya sikio la kushoto, nimepima kinywele kipya kwa rula: milimita 12. Upande wa kulia bado pako wazi, na nikiona hali hiyo hiyo baada ya wiki nne nitakwenda kwa daktari wa ngozi.