Friji Iliyogoma Usiku: Mwanza Mpaka Ukerewe kwa Coaster

Mama yangu halali gesti. Mwambie ni safi, ina feni na neti, atakujibu, "Hayo mashuka nani kayalalia jana?" na mjadala umekwisha. Kwa hiyo siku nilipoikuta pale Nyakato Coaster iliyochoka kubeba wanafunzi inauzwa, kichwani mwangu mama alikuwa ameshalala ndani yake kabla sijauliza bei. Viti niling'oa, nikabakiza safu moja nyuma ya dereva. Nikatia kitanda, jiko la gesi la plati mbili, tangi la maji la lita 80 na pampu yake, paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, betri ya ampea-saa 100 chini ya kitanda, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na friji ndogo ya volti 12. Mwisho nikaipeleka kupigwa rangi upya, ndani na nje, maana rangi ile ya njano ilikuwa inanikumbusha kengele ya shule.

Friji ndiyo iliyokuwa roho ya gari. Mama ana sukari, anajichoma insulini. Chupa aliyokwisha kuifungua inaweza kukaa nje kama wiki nne mradi isipate joto kali, lakini za akiba zinataka nyuzi 2 mpaka 8, na zisigande. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kisiwani Ukerewe kwa dada yake, tukakae wiki tatu.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, friji ikaanza vituko. Mchana inanguruma vizuri. Jua likizama inawaka, inakohoa, inazima. Dakika moja baadaye inajaribu tena, inazima tena, na kijitaa chekundu kinakonyeza. Mzima mchana, mgonjwa usiku: nani asingesema betri haitunzi chaji? Hata hivyo sikutaka kubahatisha. Nikazima friji, nikachukua mita, nikapima kwenye soketi yake. Volti 12.5. Basi waya hauna shida, nikasema, na nikajiona fundi.

Nikaibeba betri mpaka duka moja mjini. Muuzaji akaiinua, akaitikisa kidogo, akaitazama kama daktari aliyechoka. "Hii seli imekufa, mzee." Akaichukua kama chakavu kwa elfu 30, nikaongeza za kwangu, nikaondoka na mpya ya laki tatu na tisini. Ile ya zamani ilikuwa na kidoti chekundu cha rangi ya kucha ya binti yangu kando ya ncha ya chanya. Nilikiweka siku ya kwanza nisije nikageuza waya. Niliitazama mara ya mwisho pale sakafuni, nikasikia uchungu kidogo. Lakini usiku ule friji ilifanya kazi, na usiku wa pili vilevile. Pesa imeongea, nikasema.

Tuliondoka alfajiri ya Alhamisi, Buzuruga bado haijajaa. Igoma mama akanyamaza, kama anavyonyamaza kila tukipita pale, kwa ajili ya wale waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996, waliozikwa pale. Kisesa tukanunua ndizi mbivu. Magu hatukusimama. Mama alikaa safu ile moja iliyobaki, kapakata mtungi wa udongo uliofungwa kanga. Nilimwambia nyumbani, mama, tuna friji, mtungi wa nini? Akasema ni zawadi ya dada yake. Sikumwamini.

Lamadi tulifika mchana. Mwenyeji wetu ana kiwanja kinachoteremka mpaka karibu na maji; akatupa kivuli cha mwembe na onyo moja, tusitembee ufukweni usiku kwa sababu ya viboko. "Mwadila mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma, na mama, ambaye ni Mkerewe, akaitikia kama mzaliwa wa Magu.

Jioni ile gari liliamua kunifundisha kazi. Kwanza pampu. Ukifungua bomba maji yanakuja kwa kukohoa, na ukifunga, pampu haitulii, inaguna tu. Chujio lake dogo lilikuwa limejaa mchanga na utando wa kijani kutoka kwenye tangi. Nikalisafisha, nikarudisha, hali ikawa mbaya zaidi. Kumbe kifuniko cha chujio sikukikaza, pampu ikawa inavuta hewa badala ya maji. Kabla sijagundua hilo, kijana wa mwenyeji alikuwa ameshaniletea ndoo ya maji ya ziwani nijaribie. Nilimshukuru nikaiweka kando. Maji ya ziwa hayaingii kwenye tangi langu. Kichocho hakihitaji uyanywe, kinapita kwenye ngozi wakati unanawa uso.

Halafu gesi. Mama ndiye aliyesikia harufu, mimi pua yangu ilikuwa kwenye pampu. Nikafunga mtungi wa gesi, nikafungua milango yote miwili, mkubwa na wa nyuma, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatokea dirishani. Inashuka na kutandaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikisubiri cheche. Ndiyo maana kasha la mtungi nililitoboa tundu chini kabisa. Baada ya nusu saa nikakoroga sabuni ya unga, nikafungua mtungi kidogo, nikapaka povu kwa mswaki wa zamani kuanzia kwenye regyuleta. Palepale shingoni pakaanza kuvimba viputo, kimoja kikubwa kama jicho la sato. Kimpira cha ndani kilikuwa kimepasuka. Duka la barabarani walikuwa nacho. Chai ya usiku ule ilichelewa, na hapo sikulaumu jiko: ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, na anayebisha apike maharage.

Saa mbili usiku, friji ikakohoa. Ikazima.

Nilikaa sakafuni naitazama kama mtu anayetazama deni. Betri mpya! Tulikuwa kwenye giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kutoka majini walikuwa wamefunika taa, chai, na nyusi za mwenyeji wetu. Nikawaza, labda wameziba matundu ya nyuma ya friji. Kweli walikuwemo, tabaka zima kama unga wa ulezi. Nikawapangusa kwa brashi ya rangi. Friji ikawaka, ikakohoa, ikazima.

Mama hakusema neno. Alifungua kanga, akatia mchanga chini ya mtungi, akaulowesha, akazifunga chupa zake za insulini kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, akaziteremsha humo, akafunika kwa kitambaa chenye maji. Akauweka mlangoni upepo unapopita. "Nenda kalale, baba," akaniambia. Baridi ya mtungi haifiki ile ya friji, hilo analijua, lakini inaishinda hewa ya ndani ya Coaster kwa mbali.

Kesho yake Bunda tukakata kushoto kuelekea Kisorya. Juu ya paa jua lilikuwa kali, na friji, bila haya, ikanguruma njia nzima. Tulifika kivuko cha mwisho kimeshaondoka. Ikabidi tulale pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, dagaa wameanikwa mpaka karibu na magurudumu, na vijana wanapanga taa zao za usiku. Zamani ilikuwa karabai, ukisikia zinavyovuma unajua watu wanaingia kazini. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri, na mwalo wenye taa za betri lazima una mtu wa kuzitengeneza. Wa Kisorya alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kakaa chini ya turubai katikati ya betri kama mchungaji na mbuzi wake.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee." Akaja na mita ambayo kioo chake kimefungwa kwa selotepu. Nikamsimulia yote, pamoja na betri mpya na volti 12.5 za kwenye soketi.

"Ulipima friji ikiwa imezima?"

"Ndiyo, kwa usalama."

"Hapo ndipo ilipokudanganya, mzee. Waya mbovu usiobeba kitu unasoma vizuri. Mwache abebe mzigo ndiyo umpime."

Jua lilikuwa linazama, friji ikaanza kukohoa, saa yake hasa. Akabandika ncha za mita kwenye betri: 12.4 kompresa, mota ya friji, inapojaribu kuwaka. Akazihamishia kwenye soketi ya friji, akasubiri ijaribu tena. 11.1. Volti moja na zaidi imepotelea njiani, na friji ikiona umeme umeshuka hivyo inajizima ili kuilinda betri. Mchana sola inapoisukuma betri mpaka 13 na ushei, hata ukipunguza hiyo moja inabaki ya kutosha. Betri mpya ilipokuwa na chaji kamili, vilevile. Usiku ndipo hesabu inapokataa.

Sasa akafanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha ya pili kwenye chuma cha bodi ya gari, mahali ambapo kwa akili ya kawaida hapana tofauti yoyote. Friji ilipojaribu, mita ikapanda mpaka 0.9. "Huyu hapa," akasema, kwa sauti ya chini, kama mvuvi anayegusa uzi.

Tukainua godoro. Bolti inayoshikiza waya wa hasi kwenye bodi ilikuwa imekazwa vizuri sana, huwezi kuitilia shaka. Akaifungua. Chini ya pete ya shaba palikuwa na rangi. Rangi yangu! Nyeupe, nzuri, niliyoilipia mwenyewe. Fundi wa rangi alipita mle, na aliyerudisha waya akaukaza juu ya rangi mbichi, ukawa unashika chuma kwa nyuzi chache za bolti tu, na zenyewe zimeanza kutu. Kijana akakwangua kwa kisu, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Akasugua na pete yenyewe. Akakaza, akapaka grisi juu kwa kidole. Juu tu, baada ya kukaza. Alilirudia hilo mara mbili: grisi ni ya kuzuia unyevu, si ya kupitisha umeme.

Friji iliwaka ikatulia. Mita kwenye bodi ilisoma 0.04.

Kabla hajaondoka aligusa inveta, ambayo niliiacha iwake tangu Mwanza kwa ajili ya kuchaji simu. Ilikuwa ya uvuguvugu. "Hii inakula hata isipofanya kazi," akasema. Ampea moja mfululizo, kwa saa 24, ni karibu robo ya betri yangu nzima kwa ajili ya simu mbili zinazoweza kuchajiwa kwa soketi ya sigara. Niliizima kwa aibu. Akataka elfu tano. Nikampa kumi, na mama akamwongezea ndizi za Kisesa.

"Na ile betri ya zamani iko wapi?" akauliza, akiwa ameshashuka ngazi.

Nikamwambia niliiacha dukani. Akatikisa kichwa, akacheka kwa adabu, akageukia ziwa.

Asubuhi tulipanda kivuko cha kwanza. Nilifunga mtungi wa gesi kwenye shingo yake kabla gari halijakanyaga chuma, maana jiko kuzimwa hakutoshi juu ya maji. Friji ilikuwa kwenye nyuzi 4. Nikamwonyesha mama kwa fahari, akachungulia, akasema inapendeza, akarudisha chupa mbili humo. Ya tatu aliiacha kwenye mtungi. Rugezi tulipotua, alichoagiza kishushwe kwanza ni mtungi, na dada yake alipouona alilia.

Wiki tatu baadaye, nimerudi Mwanza, nilipitia lile duka kununua fyuzi. Kwenye rafu ya betri za mtumba palikuwa na moja imefutwa vumbi, imepakwa mafuta inang'aa, bei laki moja na themanini. Kando ya ncha ya chanya kulikuwa na kidoti chekundu.

"Hiyo vipi?" nikamuuliza muuzaji.

Hakunikumbuka. Aliishusha kwa mikono miwili, akanipimia mbele ya macho yangu, 12.7.

"Hiyo chukua, mzee," akasema. "Hiyo bado kali kabisa."