Kitasa Kilichonuna

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ametia kitasa cha tarakimu mlangoni. Jana alinisimamisha kwenye ngazi, mikoba ya sokoni ikinikata vidole, anionyeshe jinsi kinavyofanya kazi. Mtu akibonyeza namba zisizo zenyewe, simu ya mwenye nyumba inalia popote alipo. "Hata niwe Machakos nitajua kuna mtu amejaribu," akasema. Nikampongeza. Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba nimekulia nyuma ya mlango uliokuwa ukifanya hivyo hivyo bila betri wala intaneti.

Ni ile nyumba ya mawe ya Ngara, Nairobi, yenye ua katikati na mfereji mmoja wa wapangaji wote. Vyumba vya nyuma vilikuwa na komeo za bati na kufuli za dukani. Sisi tulikaa chumba cha mbele, sebule ya Mhindi aliyeijenga nyumba, kwa hiyo tukarithi mlango wake wa mvule na kitasa chake: sanduku la chuma lililopakwa rangi mara nyingi hata maandishi yakafukiwa, na ufunguo mmoja tu, mrefu, wenye jino pana lililochongwa ngazi ngazi. Mama aliufunga kwenye pindo la leso. Mimi na kaka yangu Idi tukitoka shule tulimngoja kwenye kizingiti mpaka arudi kutoka soko la Gikomba.

Huo ulikuwa mwaka wa El Niño, mwishoni mwa 1997, mvua isiyojua kupumzika. Jioni moja Mama alirudi akiwa amelowa, akatia ufunguo, ukageuka kidogo, ukagota. Akautoa, akaufuta, akaurudisha. Ukagota palepale. Wapangaji wakatoka mmoja mmoja, kila mtu na utaalamu wake. Wote walikubaliana kwamba ni mvua, mbao imevimba. Baba Otis akaleta mtaimbo. Mama akakataa, kwani mlango ni wa mwenye nyumba na mwenye nyumba alikuwa mtu wa kutafuta sababu. Idi akatumwa mbio mpaka Khoja, kwa mzee wa funguo.

Mzee alikuja na mfuko wa gunia begani, akausimamisha ukutani bila kuufungua. Kwanza aliusukuma mlango kwa bega huku akigeuza ufunguo, kisha akauvuta huku akigeuza. "Mbao ikivimba, ulimi unabanwa kwenye fremu," akasema, akiwa kama anajisemea. "Ukisukuma au ukivuta, kuna mahali unalegea. Huu haulegei popote." Akapiga magoti kwenye maji, akamulika tundu la ufunguo, akapitisha ukucha kwenye kingo zake. Akakaa hapo muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mvua ilikuwa ikimdondokea mgongoni kutoka kwenye mabati na hakujali.

"Mama, asubuhi nani alifunga?"

"Mimi."

"Na mchana nani alifungua?"

"Ufunguo nimekaa nao mimi."

Hapo ndipo akafanya jambo lililowachekesha wapangaji: aliugeuza ufunguo upande wa kufunga. Mlango umefungwa, na yeye anafunga tena! Nilikuwa nimechuchumaa kando yake, kwa hiyo nilisikia kilichotokea ndani: tk, sauti ndogo ya chuma kikiachilia chuma. Akaurudisha ufunguo upande wa kufungua, ukazunguka wote, na mlango ukatii.

"Kitasa chako hakijaharibika," akamwambia Mama akijifuta magoti. "Kilinuna. Kuna mtu amekijaribu."

Sijawahi kuona ua ukipungua watu haraka vile. Waliokuwa wakijadili mvimbo wa mbao walikumbuka ghafla sufuria walizoacha jikoni.

Ndani, Mama alipiga magoti kwanza, akatazama chini ya kitanda. Alikuwa mweka hazina wa chama, na mkebe wa Kimbo wenye pesa za mzunguko wa Jumamosi ulikuwa mahali pake. Ndipo akamkaribisha mzee chai. Naye, labda kwa kuona tulivyomkodolea macho, akatoa bisibisi na kukifungua kitasa kifuniko.

Mlikuwa na vibati vyembamba vya shaba vimelala kimoja juu ya kingine. Aliviita leva. Kila leva ina springi inayoikandamiza chini, na ina mkato wake. Ngazi za jino la ufunguo zinainua kila leva kwa kimo chake barabara, mikato inalingana, na pini iliyoshikamana na ulimi inapata njia. Mpaka hapo, akasema, ni kitasa kama vingine vya zamani. Kisha akatuonyesha ndoano ndogo nyuma. Anayejaribu kwa waya au kwa ufunguo wa kwingine lazima apapase, na katika kupapasa atainua leva kupita kimo chake. Ikipita, ndoano inaidaka na kuishikilia hukohuko juu. Tangu hapo hata ufunguo halali haufui dafu, mpaka ugeuzwe kwanza kinyume: ulimi unasogea kidogo, ndoano inaachilia, leva inarudi chini. Alituacha tujaribu kwa msumari. Idi alikinunisha, mimi nikakituliza, tukabadilishana mpaka Mama akasema basi.

"Ni nani sasa?" Mama akauliza, sauti ya chini.

"Mimi ni fundi, mama. Kitasa hakina macho." Akamshauri asikitie mafuta maana yanakamata vumbi, bali asage risasi ya penseli na kupulizia. Akanywa chai yake, akaenda.

Ukubwani nilisoma kwamba ujanja ule ni wa Jeremiah Chubb, Mwingereza wa Portsmouth, aliyeusajili mwaka 1818 baada ya wizi kwenye gati la jeshi la majini la huko. Serikali ilitaka kitasa kisichokubali ufunguo ila wake. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja aliyekuwa fundi wa vitasa alipewa kitasa hicho, akaahidiwa msamaha na pauni 100 akikifungua, naye akahangaika nacho kwa miezi kabla ya kukata tamaa. Mwanzoni kilihitaji ufunguo wa pili wa kukirekebisha. Hii ya kugeuza kinyume ilikuja 1824. Mwaka 1851 Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, alikifungua London mbele ya mashahidi kwa dakika 25 hivi, akikitumia kile kifaa cha kunasia kama kiongozi wake. Kwa hiyo hakikuwa muujiza. Lakini mtu wa Ngara yetu hakuwa Hobbs.

Mama hakuuliza mtu yeyote. Pesa zilihamia kwa mweka hazina mwingine wiki ileile, na salamu za asubuhi mferejini zikawa fupi. Mimi nilikuwa na jibu langu. Idi siku zile hakukosa waya wa baiskeli mfukoni, na tulikuwa tumenyeshewa kwenye kizingiti kile mwezi mzima. Nilimnyamazia, kwa kuwa ni kaka yangu, na kwa kuwa Mama alikuwa na mkono mzito.

Mwaka juzi, kwake Kayole, baada ya pilau, nikamwambia nilijua siku zote kwamba ni yeye.

Aliweka kijiko chini. "Mimi? Si wewe na ule ufunguo wako wa dawati la shule? Nimekufichia siri hiyo tangu utotoni!"

Tulicheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini. Tukaanza kuwahesabu wapangaji wa ua ule. Baba Otis tulimtoa mapema, mwenye mtaimbo hahangaiki na waya. Tulimalizia kwa mama wa chumba cha tano, Idi akasema hapana, yule alikuwa amejifungua.

"Basi ni nani?" nikauliza.

"Kweli si wewe?" akasema Idi, na safari hii hakuwa akicheka.