Ziwa lipo, mvua haipo: mama mdogo wa Igombe na mjomba wa Kwimba

Wageni wakija Mwanza hasa wa kutoka Dar huwa wana swali lao moja, yaani mna ziwa lote hili halafu mnalia mahindi yamekauka? Na ukifika Kayenze mwezi wa pili huwezi kuwalaumu, saa nne tu asubuhi mahindi yameshakunja majani kabisa na maji yanaonekana pale chini, mtoto akirusha jiwe linafika. Tukiulizwa tunajibu tu "siku hizi mvua hazieleweki" basi yanaisha, wakati jibu lenyewe lipo na linachekesha kidogo.

Ziwa hili linajinyeshea lenyewe. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayodondokea humo humo ziwani, mito yote unayoijua, Kagera, Mara, Simiyu na ile ya Kenya, inagawana kilichobaki. Iko hivi, mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa inapanda na upepo unatoka ziwani kuja kujazia, ndo ule upepo wa mchana unaowapeperushia watu kanga Kirumba. Usiku mambo yanageuka, nchi kavu imepoa, maji bado yana joto lake, upepo sasa unatoka pande zote za nchi kwenda katikati ya ziwa, unakutana huko na mawingu yanapanda juu. Ngurumo za saa tisa usiku ndo hizo. Mvua kubwa inapigwa huko kwenye maji ambako hakuna hata mche mmoja wa mtama, na ndo muda huo huo wavuvi wa dagaa wako huko na taa zao, ndo maana kila mwaka kuna familia zinalia.

Halafu upepo mkubwa wa huku kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki kwenda magharibi, unapita juu ya ziwa unabeba unyevu wote unaupeleka kwa Wahaya. Bukoba inapata kama milimita 2,000 kwa mwaka, Mwanza mjini tunachezea 1,000 hivi, ukiingia ndani huko Kwimba inazidi kupungua. Kwa hiyo wenzetu wana migomba na kahawa, sisi tuna pamba, dengu na michembe, yaani viazi vitamu vya kukausha. Ziwa ni moja lakini mgao wake kama wa urithi wa wake wengi, kuna nyumba imekula zaidi.

Sasa kwenye ukoo wetu hii habari ni ugomvi kabisa. Mama mdogo anafanya biashara ya dagaa Igombe, mjomba analima mpunga Kwimba, na kwenye grupu la familia hawa wawili hawawezi kuombea kitu kimoja. Dagaa anataka jua la siku nzima, unanunua kwa ndoo alfajiri mitumbwi inapoingia, unamwaga mchangani au kwenye chanja, jua likikaa vizuri jioni unazoa kwenye magunia. Mvua ikishuka saa tano basi, dagaa wanalainika, wanabadilika rangi, wanaanza kunuka, na mteja anayebaki ni wa chakula cha kuku ambaye naye bei anajipangia mwenyewe. Mjomba kwa upande wake ana majaruba, yaani vile vishamba vya mpunga vyenye kingo za udongo, anataka mvua kubwa ya kumwaga, maji yatiririke kutoka mlimani yajae kwenye kingo asimame na miche yake apandikize. Juzi mama mdogo katuma vois noti ya kulaani mawingu, mjomba kajibu "dada yangu, nielekezee huku."

Kingine watu wanasema tuvute maji tumwagilie. Sawa, wapo wanaofanya, nyanya na mchicha wa Mwanza kwa sehemu vinatoka kwenye vibustani vya ukingoni vya pampu. Ila huku ni mawe na miinuko, ukishapandisha maji kidogo tu hesabu ya petroli inamaliza faida ya mahindi, nyanya ndo inaweza kubeba hiyo gharama. Na ukingoni penyewe pana kesi yake. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, sasa mwaka 2020 mvua zilipozidi ziwa likapanda hadi kimo ambacho wazee walikiona miaka ya 60, likala bustani, likala nyumba, 2024 likarudia tena. Mita 60 unazianzia wapi hapo? Mwenye bustani alikuwa nje ya mstari, kesho yake mstari umehamia nyuma ya choo chake.

Kinachonikera mimi ni hivi tunavyosikiliza habari za hali ya hewa. Redio ikisema "Kanda ya Ziwa mvua za vuli zitakuwa za wastani" Bukoba yumo, Ukerewe yumo, Kwimba yumo, na mkulima wa Kwimba anapanda kwa imani hiyo. Wakati shida yake hata siyo jumla ya mvua, ni kile kiangazi cha Januari na Februari katikati, kikinyoosha wiki kadhaa mahindi yakiwa yanatoa mbelewele hata masika ije ya gharika haisaidii kitu.

Mjomba ameshashtuka, msimu huu majaruba ya juu anaweka choroko, za muda mfupi, zinakuwa tayari kabla jua halijakaza. Mama mdogo naye anatafuta maturubai na mbao za kuongeza chanja. Wote wawili wameniagiza mimi mjini niwanunulie, hela mpaka sasa hajatuma hata mmoja.