Injini mpya kwenye pikapu ya zamani, shughuli yote iko kwenye waya

Pikapu yangu ni Hilux ya zamani iliyokuja na injini ya 22R, ile 2.4 ya kabureta, na baada ya kuibembeleza miaka mingi nimeipachika 3RZ, 2.7 ya EFI, yaani petroli inapulizwa kwa umeme badala ya kabureta. Kila anayefungua boneti anauliza habari za mauntingi, vile vishikio vya injini, na gia boksi. Mauntingi ukipima vizuri na kuchomelea imeisha, na gia boksi nilichukua ya 3RZ yenyewe kwa sababu ile ya 22R haikai pale hivihivi. Kilichonilaza chini ya dashibodi wiki tatu ni wayaringi.

Kwanza kwenye kununua: chukua injini, kontrol boksi (kompyuta ya injini) na wayaringi nzima vya gari moja, na soketi zake zote. Injini nyingi zinauzwa nyaya zimekatwa kwa kisu karibu na ukuta wa injini, achana nazo hata ikiwa injini yenyewe nzima, maana kuunga waya moja moja ukikisia rangi ni mateso. Na kama ilitoka kwenye gari ya oto na wewe unaweka manyuo, kontrol boksi itakuwa inatafuta vitu ambavyo havipo, kwa hiyo uliza mapema.

Kontrol boksi yangu inataka moto wa aina tatu, moja ya betri moja kwa moja muda wote ili isisahau, moja ya switi ukiwasha, na moja inayopitia relei kuu, ile switi inayojiwasha kwa umeme. Hapa ndo niliteleza. Ile ya switi niliichukua kwenye waya wa redio, basi stata inazunguka vizuri tu lakini haishiki, ukiachia ufunguo inataka kukohoa halafu kimya. Siku mbili nahangaika na plagi! Kumbe waya wa redio unakatika moto ukipiga stata. Tafuta ule unaobaki na moto ufunguo ukiwa kwenye ON na pia kwenye START, pima na mita usiamini rangi.

Pampu ya mafuta nayo, ile ya 22R iko kwenye silinda hedi inasukumwa na kamshafti, psi 3 hadi 5 hivi kabureta imeridhika. EFI inataka karibu 40, kwa hiyo ni pampu ya umeme, na hosi zinazostahimili presha hiyo, zile za kabureta zitapasuka. Naomba sana usiifunge pampu moja kwa moja kwenye switi. Tumia relei inayotawaliwa na kontrol boksi, injini ikizima pampu inazima, maana ukipinduka na paipu imekatika halafu pampu bado inamwaga petroli, hapo tunaongea habari ya maisha ya watu.

Afu ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Nilisahau kurudisha ule waya wa ethi wa injini kwenda kwenye chesisi, nikapiga stata, kebo ya akselereta ikaanza kutoa moshi! Umeme wa stata ulikuwa unatafuta njia ya kurudi betri ukaipata pale. Sasa nina waya nene ya betri kwenda kwenye bloku, nyingine bloku kwenda chesisi, nyingine chesisi kwenda bodi, rangi na kutu nimekwangua mpaka chuma kikang'aa. Mita nikiweka kati ya hasi ya betri na bloku nikipiga stata inasoma chini ya volti 0.2.

Geji ya temperecha inataka sensa yake ya waya mmoja, ile ya waya mbili ni ya kontrol boksi, usiziunganishe pamoja, utaharibu usomaji wa zote.

Kilichobaki ni spidomita. Ya zamani ni ya kebo na gia boksi niliyopata inatoa alama ya umeme, saa hizi mshale umelala sifuri na naendesha kwa kusikiliza injini, wikiendi nafungua dashibodi tena.