Siku moja maishani mwangu: nashughulikia kitufe cha "Tafuta", Tanga

Saa 1 asubuhi nipo njiani na baiskeli kutoka Ngamiani. Chai, vitumbua, na saa 2 nipo mezani Chumbageni. Tunatengeneza programu ya kuandikia, na upande wangu ni kutafuta maneno. Wengi huniuliza kazi iko wapi hapo, si unaandika neno linatokea? Mpaka saa 4 nilikuwa napitia majaribio ya jana.

Saa 4 na robo akapiga simu mzee anayenakili nyaraka za Kijerumani za enzi za mkonge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, programu yenu inanificha Usambara!"

Alifoka kweli, nami nikamwacha amalize, maana haki ilikuwa yake. Akanitumia ukurasa. Mle imeandikwa Uſambara, kwa s ndefu ya chapa za kale. Wengi hudhani kutafuta bila kujali herufi kubwa na ndogo ni kugeuza zote ziwe ndogo, basi. Lakini ſ tayari ni ndogo, ukiigeuza inabaki vilevile. Dawa yake ni jedwali la kukunja herufi, yaani kuzileta herufi za aina moja kwenye umbo moja, la Unicode, kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta: ſ inakuwa s, ß ya Kijerumani inakuwa ss, na sigma ya Kigiriki ya mwisho wa neno, ς, inakuwa σ.

Nikaliunganisha. Neno likaonekana, ila rangi ya njano inayoonyesha neno lililopatikana ikakaa upogo. Kwenye "Geſellſchaft in Uſambara" ilifunika "n Uſamb", "ara" ikabaki nje. Katika UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi kwa baiti (vipande vidogo vya data), ſ ina baiti 2 na s ina 1, kwa hiyo mstari uliokunjwa ni mfupi kuliko ule wa mzee, na nafasi iliyohesabiwa humo haiangukii pale pale kwenye wake. Angebonyeza "badilisha zote", nyaraka yake ingeharibika, na hilo siwezi kulivumilia.

Umeme ukakatika, nikaendelea kwa betri. Kila herufi iliyokunjwa sasa inabeba nafasi yake ya asili. Halafu ß ikaleta yake: ukitafuta s moja, programu inakamata nusu ya herufi! Nikaizuia, ikamate herufi nzima au iache. Chakula cha mchana nilikula sijui saa ngapi, mgongo unauma, macho mazito.

Giza lilishaingia nilipomtumia mzee toleo jipya. Akazipata Usambara zote, akaandika STRASSE, ikaja Straße. Kesho ni Kituruki, ambako I kubwa ndogo yake ni ı isiyo na nukta, na i yenye nukta ina kubwa yake, İ.