Chatu wa mwenzangu amenizoea, lakini hajafugika

Nilipohamia nyumba ninayoishi sasa huku ughaibuni, mwenzangu wa nyumba alinionyesha sanduku la kioo sebuleni akasema, "Usiogope, huyu amefugika kabisa." Ndani alikuwamo chatu mdogo aliyejikunja kama mpira, kichwa amekificha katikati. Asili ya jamii yake, wanaoitwa ball python kwa Kiingereza, ni Afrika, kuanzia Senegal hadi Uganda, ila yeye alianguliwa hukuhuku, na wazazi wake vilevile.

Mwaka wa tatu huu, kila mwenzangu akisafiri mimi ndiye ninayebaki naye. Neno lile "amefugika" bado linanikera. Kiswahili nacho kinatupoteza kidogo, maana tunasema kufuga mbwa na kufuga nyoka kwa kitenzi kilekile.

Kuzoea ni jambo la nyoka mmoja katika maisha yake, na akifa, linaisha naye. Kufugika ni jambo la ukoo: vizazi vingi vya kuchagua nani azae, mpaka tabia yenyewe irithiwe. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitry Belyaev alianza kuzalisha mbweha huko Urusi akitazama kitu kimoja tu, upole wao kwa binadamu. Vizazi vichache baadaye wakazaliwa mbweha wanaotikisa mkia wakiona mtu. Wazalishaji wa chatu hawa huchagua zaidi rangi. Ipo aina moja ya madoa mazuri sana, wanaiita spider, ambayo hurithi madoa pamoja na kasoro ya neva: kichwa hutetemeka na kupinda, nyoka asiweze hata kulenga chakula vizuri. Watu bado wanawazalisha, na hilo linaniuma.

Mimi nilifundishwa kwa kung'atwa. Nilikuwa nimemyeyushia panya wake wa barafu, nikaingiza mkono sandukuni bila kunawa. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na ulimi wake hukusanya harufu. Kwake mkono ule ulikuwa panya. Aliniachia papo hapo. Hana sumu, nilitoka vitone vya damu tu. Hakuwa na hasira nami, wala hakunisaliti. Siku hizi nanawa, namgusa kwanza taratibu kwa kijiti ajue si saa ya kula, na akishakula simshiki siku mbili nzima asije akatapika.

Mwenzangu huamini anapendwa, kwa kuwa nyoka hujiviringisha mkononi mwake akatulia. Mimi naona mkono una joto, na hofu imemtoka. Kwa kiumbe ambaye porini angeweza kuliwa na chochote kikubwa kinachomsogelea, hofu kumtoka ni jambo kubwa, nami nalilinda. Simshtui. Akianza kujikunja kama mpira namrudisha sandukuni, hata kama wageni bado wanataka picha.