Basi dogo lisilo na ngazi

Jioni hii nimetoka kumpeleka shangazi hospitalini hapa Leeds, Uingereza, na mpaka sasa nalifikiria basi lililoturudisha nyumbani.

Lilikuwa Optare Solo, lile dogo la zamani, lililozinduliwa mwaka 1997 na kuundwa katika mji huu huu. Hata jina lake linachezea maneno ya Kiingereza "so low", yaani "chini sana".

Shangazi, ambaye magoti yanamsumbua, alisimama ukingoni mwa barabara akitafuta ngazi.

Haikuwapo.

Waliolibuni waliyasogeza magurudumu ya mbele hadi pembeni kabisa, mbele ya mlango, na injini wakaiweka nyuma, hivyo abiria huingia pale ambapo sakafu iko chini na hapana gurudumu la kumzuia. Alinyanyua mguu kidogo tu, akashika nguzo ya njano, akaniambia, "Mwanangu, hili limenihurumia."

Dereva alitueleza kwamba wiki ijayo linaondolewa barabarani. Solo ya awali haitengenezwi tena. Tangu mwaka 2007 kulikuwa na Solo SR, yenye umbo jipya, na mwaka 2011 kiwanda chenyewe kilihamia Sherburn-in-Elmet, nje ya Leeds. Naelewa kwamba magari huzeeka, lakini nimeumia kweli.

Nguzo ile ilikuwa imebanduka rangi pale pale mikono ya watu inaposhika, chuma kikabaki kinang'aa.

Ndugu zangu, huko mliko wazee wenu hupandaje basi? Niandikieni.